Mbuzi Aliyeonekana Mapema: Uchambuzi wa Kisa cha Kitabu cha Picha cha Kuchekesha

Mswada ulikuwa na kila kitu cha kumchekesha mtoto wa Dar es Salaam. Bibi wa Mbagala anapanda daladala ya Kariakoo na mbuzi wake, anakwenda kwa binti yake. Njiani mbuzi anakula mali za abiria, kimoja baada ya kingine, na Bibi anamtetea kila mara. Watu wazima walioupitia kimyakimya, kila mtu mezani kwake, walicheka. Uliposomwa kwa sauti mbele ya darasa la awali huko Temeke, watoto 38 wa miaka 4 hadi 6, walitabasamu ukurasa wa 5, wakasikiliza kwa adabu hadi ukurasa wa 12, kisha wakaanza kuvutana mashati. Usomaji ulichukua dakika 11.

Adabu hiyo ndiyo iliyotia wasiwasi. Mtoto wa miaka mitano anayekaa kwa adabu mbele ya kitabu cha kuchekesha ameshakiacha, anamsubiri tu mwalimu amalize.

Hadithi yenyewe haikuwa na kasoro. Bibi, mbuzi, konda na safari ya Barabara ya Kilwa vilibaki hadi toleo la mwisho. Kilichofanyiwa kazi ni kingine kabisa: neno lipi lisomwe, lipi liachiwe picha, na picha ipi ifichwe nyuma ya ukurasa.

Maneno yaliyokula kazi ya picha

Hivi ndivyo ukurasa wa kofia ulivyosomeka mwanzoni:

"Mbuzi aliinua shingo yake, akaiona kofia ya mzee aliyekaa siti ya mbele, akaivuta polepole na kuanza kuitafuna bila mzee yule kujua. Bibi akasema, 'Mbuzi wangu ni mnyama mwenye tabia njema, hawezi kamwe kula kitu kisichokuwa chake.'"

Picha iliyokuwa kando ilionyesha mbuzi akitafuna kofia ya mzee.

Kila neno hapo ni sahihi, na ndiyo maana kosa ni gumu kuliona. Mtoto anaambiwa jambo, kisha anaonyeshwa jambo lilelile. Hana cha kugundua. Katika kitabu cha picha kicheko hukaa kwenye pengo kati ya anachosikia mtoto na anachokiona: sauti inasema mbuzi ana adabu, macho yanaona kofia imeningʼinia mdomoni. Mtoto ndiye anayejua ukweli, Bibi hajui, na hata mwalimu anayesoma anajifanya hajui. Kwa mtu ambaye kutwa nzima anaambiwa na wakubwa nini ni nini, kuwa yeye pekee mwenye ukweli ni raha kubwa mno.

Kwa hiyo sentensi zote zilizosimulia mbuzi alichokuwa anakula zilifutwa, zote bila kubakiza. Mswada ulishuka kutoka maneno 740 hadi 210. Mwandishi aliumia, na aliumia kwa haki, kwa sababu baadhi ya sentensi zilikuwa nzuri kama sentensi. Lakini kipimo cha kazi hii ni kimoja: funika picha kwa karatasi, usome maneno. Ukielewa utani wote bila picha, maneno yamezidi. Kisha funika maneno utazame picha. Ukielewa utani wote, maneno hayana kazi. Ukurasa unaofaa ni ule ambao kila upande ukiwa peke yake unapwaya.

Kilichobaki mdomoni mwa Bibi kilihitaji kuwa kifupi na chenye mapigo, kwa kuwa kinarudi mara tano. "Mnyama mwenye tabia njema" ni lugha ya ripoti ya shule. Kikajaribiwa hiki, kikakaa:

Mbuzi wangu ana haya,
hali cha mtu mwingine!

Mizani nane, kisha nane tena, kama mshororo wa shairi la kawaida. Sikio la mtoto aliyekulia kwenye Kiswahili linayajua mapigo hayo kutoka madrasa, taarabu na nyimbo za michezo hata kama hajawahi kuambiwa neno "mizani". Kwenye usomaji wa pili watoto walikuwa wanakikariri kibwagizo hiki pamoja na msomaji mara ya tatu kilipotokea. Ajabu ni kwamba nusu yao hawakukikariri, walimjibu Bibi: "Anakulaaa!" Hilo halikupangwa, ila ukilifikiria lina asili yake. Hadithi zetu huanza kwa kuitikiana, paukwa, pakawa. Msikilizaji amezoea kuwa na zamu yake ya kusema. Toleo la mwisho likaacha nafasi tupu baada ya kila kibwagizo, bila neno lolote chini yake, ili msomaji asikimbilie mbele na kuwakata watoto sauti.

Upande wa kulia na upande wa kushoto

Kosa la pili ndilo lililoupa uchambuzi huu jina. Mpangilio wa kwanza ulikuwa hivi: ukurasa wa 1 jina la kitabu, wa 2 hakimiliki, wa 3 Bibi nyumbani, wa 4 mama muuza mchicha anashangaa kapu lake tupu, wa 5 mbuzi ana mchicha mdomoni. Fungua kitabu hapo. Ukurasa wa 4 na wa 5 vinatazamana. Mwalimu bado anasoma "Jamani, mchicha wangu!" upande wa kushoto, watoto 38 wameshamwona mbuzi upande wa kulia. Jibu limefika kabla ya swali. Na kwa kuwa kila tukio lilipangwa hivyohivyo, 4 na 5, 8 na 9, 12 na 13, kosa moja liliua vicheko vyote.

Swali linatakiwa likae ukurasa wa kulia, wenye namba witiri, na jibu nyuma yake, upande wa kushoto baada ya kufunua. Mkono unaofunua ukurasa ndio unaotengeneza utani.

Dawa ilikuwa ndogo kuliko ugonjwa. Hakimiliki ilihamishiwa ndani ya jalada la mbele, Bibi nyumbani akaenda ukurasa wa 2, kapu tupu likatua ukurasa wa 3, na mbuzi na mchicha wake wakapata kurasa za 4 na 5 zote mbili, picha moja pana. Mpangilio ukawa: swali 3, jibu 4–5, swali 7, jibu 8–9, swali 11, jibu 12–13. Katika kurasa za swali mbuzi haonekani kabisa. Mchoraji alitaka kuacha angalau mkia dirishani, na kwenye tukio la pili mkia ukaachwa kweli, ila mara ya kwanza hapana: mtoto lazima kwanza ajifunze sheria ya mchezo, ndipo adokezwe.

Hili haliwezi kufanyika kichwani wala kwenye kioo cha kompyuta, ambako kurasa huonekana zimepangwa zote kwa pamoja. Chukua karatasi 6 za A4, zikunje katikati, zipige pini mbili mgongoni, una kijitabu cha kurasa 24 cha majaribio. Chora kwa penseli, hata vijiti vinatosha, kisha msomee mtu huku yeye akitazama. Utaona macho yake yanakwenda wapi kabla ya sauti yako.

Tukio la nne lilihitaji kuvunja mazoea. Mchicha, kofia, noti za konda alizozikunja kati ya vidole: baada ya vitatu mtoto ameshajua kinachokuja, na cha nne cha namna hiyohiyo kingemchosha. Kwa hiyo ukurasa wa 15 abiria wote wanakumbatia vitu vyao, na ukifunua 16–17 mbuzi hajala kitu. Anamtazama msomaji tu. Hakuna neno hata moja. Kisha 18–19 inaonekana alikuwa anatafuna khanga ya Bibi mwenyewe.

Khanga

Hapa mchoraji aliongeza kitu ambacho mwandishi hakukiandika, na ni cha kupongezwa. Khanga ina pindo kuzunguka, ina mji katikati, na ina jina, yale maneno ya chini. Ikifungwa kiunoni jina hutokea nyuma, mahali ambapo mbuzi amesimama. Ukurasa wa 2 khanga ya Bibi inasomeka MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Ukurasa wa 9, MGENI NJOO MWENYEJI. Ukurasa wa 13, MGENI NJOO. Bibi anapofika kwa binti yake limebaki neno moja, MGENI, na ndani kuna mtoto mchanga.

Mtoto wa miaka mitano hawezi kusoma hayo, na hatakiwi kuyasoma. Ni zawadi ya mtu mzima anayesoma kitabu kwa mara ya ishirini, na ya kaka au dada wa darasa la pili anayejifunza herufi. Sharti ni moja: mtu asipoiona khanga kabisa, hadithi isipungue kitu.

Mlango wa daladala

Kwenye kitabu kinachosomwa kutoka kushoto kwenda kulia, gari linaloelekea kulia linasonga mbele pamoja na hadithi, na linaloelekea kushoto linaonekana kama linarudi. Mchoraji alijua hilo, akachora daladala ikielekea kulia kurasa zote, konda akiningʼinia mlangoni. Watoto ndio waliolalamika: konda yuko upande wa dereva.

Walikuwa sahihi. Tunaendesha kushoto mwa barabara, mlango wa abiria uko ubavu wa kushoto wa gari. Daladala inayoelekea kulia kwenye karatasi inatuonyesha ubavu wake wa kulia, ule wa dereva, usio na mlango. Konda yule alikuwa anashusha watu katikati ya Barabara ya Kilwa.

Jaribio la kwanza la kurekebisha lilikuwa kuigeuza picha kama kwenye kioo. Gari likaelekea kushoto, mlango ukawa mahali pake, ila maandishi yote yakapinduka, vituo na khanga pamoja. Suluhisho la mwisho ni hili: gari likiwa mwendoni linaelekea kulia, tunaona ubavu wa dereva na kichwa cha mbuzi dirishani. Kituoni, Mtongani, kwa Azizi Ali, Bendera Tatu, linachorwa kutokea nyuma au kutokea ndani, mlango ukionekana. Mara moja tu linaelekea kushoto, ukurasa wa 16–17, pale kila kitu kinaposimama. Mwelekeo wa kushoto unaokwenda kinyume na hadithi umefanya kazi ya kuizuia.

Mita nne

Mchoraji alitoka kwenye katuni za magazeti, shule nzuri ya uchekeshaji. Dar es Salaam ina urithi mkubwa hapo. Jarida la katuni la Sani na wahusika wake kina Ndumilakuwili na Lodilofa lilifundisha watu wengi jinsi uso mmoja unavyobeba sentensi nzima. Lakini gazeti hushikwa sentimita 30 kutoka machoni, na darasa la awali lina nakala moja, mwalimu ameishika begani, mstari wa nyuma uko mita nne. Mistari myembamba ya kivuli ilitoweka. Mbuzi mweupe mbele ya daladala nyeupe alitoweka vilevile, na ndiye mhusika mkuu.

Mfano mzuri ulikuwa karibu kuliko walivyodhani. Edward Said Tingatinga alipoanza kuuza picha zake pale Oysterbay mwaka 1968, alizichora kwenye vipande vya mraba vya ubao, kwa rangi za kupakia nyumba na baiskeli: mnyama mmoja anajaza ubao, nyuma yake rangi tulivu. Picha ya namna hiyo mpita njia huiona hata akiwa ngʼambo ya barabara. Mwalimu mbele ya watoto 38 ana haja ileile. Si lazima kuchora Tingatinga, inatosha kuelewa kwa nini tembo wake anaonekana kutoka mbali.

Mbuzi akapewa baka kubwa la kahawia na sikio moja jeusi, mstari wa nje wa milimita moja na nusu, na nafasi tupu kumzunguka. Vipimo viwili vilitumika. Cha kwanza, jaza mhusika weusi mtupu. Kama bado unatambua anafanya nini, umbo limekaa. Cha pili, bandika ukurasa ukutani, rudi nyuma hatua sita. Pamoja na hayo, mkono wa mwalimu hufunika sehemu ya chini karibu na mkunjo, na watoto wa nyuma huona nusu ya juu tu juu ya vichwa vya wenzao. Utani mkuu ukapandishwa nusu ya juu. Vichekesho vidogo vya pembeni, kuku chini ya siti, maandishi kwenye kioo cha nyuma, vilibaki kwa ajili ya mtoto atakayekiweka kitabu mapajani.

Maneno mawili yaliyocheza vibaya

Mwandishi alitaka mbuzi akue kadiri anavyokula: kibuzi, mbuzi, buzi. Kisarufi ni ufundi mzuri. Mtaani, "buzi" ni mwanamume anayechunwa pesa, na mwalimu msaidizi alishindwa kujizuia kucheka mahali ambapo watoto hawakuona kitu. Ikawa mbuzi, mbuuuzi, mbuuuuuuzi, herufi zikinenepa. Msomaji anavuta sauti, watoto wanavuta naye.

La pili lilikuwa zito. Mwanzoni Bibi alikuwa anakwenda harusini. Mtoto mmoja akauliza, "Atachinjwa?" Darasa likanyamaza, na halikurudi tena. Mtoto wa hapa anajua vizuri mbuzi hupelekwa harusini kufanya nini, na mwandishi mtu mzima alikuwa ameshasahau kuwa yeye pia anajua. Harusi ikafutwa, akaja mtoto mchanga, mbuzi akawa wa maziwa. Hilo likamlazimu mchoraji kumwongezea kiwele kurasa zote, kazi ya siku mbili. Likaleta pia mwisho bora: mwenyeji anamletea mbuzi beseni la maganda ya ndizi, na mbuzi, tumbo limemjaa hadi macho yamelegea, anageuza uso. Kibwagizo kinasomwa mara ya mwisho, na kwa mara ya kwanza ni kweli.

Mtamboni

Mswada ulitaka A4 ya kulala. Ikifunguliwa ina upana wa milimita 594, na mashine ndogo ya kidijitali hupokea karatasi ya 320 kwa 450. A4 ya kusimama ikifunguliwa ni 420 kwa 297. Ukiongeza milimita 3 za picha kila upande nje ya mstari wa kukatia, inaingia bila kubana. Ndiyo iliyochukuliwa. Kurasa za kitabu cha pini sharti zigawanyike kwa nne, 24 zinafaa. Karatasi sita nene zikikunjwa pamoja, za katikati husukumwa nje karibu milimita moja na kisu huzikata, hivyo maandishi yakae milimita 12 ndani ya ukingo. Nyuso zikae milimita 15 mbali na mkunjo. Kwenye sampuli ya kwanza pini ilipita puani mwa Bibi.

Karatasi ya kungʼaa ilipendeza mezani, ila darasani dirisha lilimulika ukurasa na upande mzima wa watoto ukaona weupe. Ikachaguliwa isiyongʼaa, gramu 150. Maandishi yawe ya wino mweusi tupu, yasichanganywe na rangi nyingine tatu za mtambo. Zikipishana hata kidogo herufi hutoa kivuli. Na kijani kile cha kuwaka kwenye kioo cha kompyuta hakipo kwenye wino. Omba sampuli kutoka mashine ileile itakayochapa, uitazame juani na chini ya taa.

Usomaji wa tatu ulichukua dakika 9 ingawa maneno yalibaki 210, kwa sababu watoto walizitumia nafasi zao. Mtazamaji aliyekaa pembeni alikuwa na kadi yenye kurasa zote, akiweka duara penye kicheko, msalaba penye macho yaliyotangatanga, na mshale kuonyesha kama kicheko kilikuja kabla au baada ya kufunua. Kadi ya kwanza ilikuwa na mishale yote ya kabla. Ya tatu ilikuwa na msalaba mmoja tu, ukurasa wa 20, ambapo Bibi anashuka Gerezani na watu wamejaa mno, ukapunguzwa umati.

Ukurasa wa 24 ulipoisha, watoto wawili walimgeuza mwalimu mkono ili waone jalada la nyuma. Walikuwa wanaitafuta kofia ya mzee. Hapo mchoraji alikuwa ameweka mbuzi akitafuna mistari ya ISBN (namba ya utambulisho wa kitabu), wazo la kuchekesha ambalo kisomeo cha dukani kilikataa kulisoma, kwa sababu mistari ile inataka uwanja mweupe pande zake na isiguswe na kitu. Mbuzi akaondolewa. Mistari ikapata kisanduku cheupe cha milimita 37 kwa 26 chini kulia, na mahali pa mbuzi akachorwa mzee wa daladala, ametulia kituoni, kichwani amejifunika kapu tupu la mchicha.